Mwenzenu nimerekodi feni saa mbili

Najua nimepotea kidogo, mnisamehe, si kwa kupenda. Wiki mbili hizi mwenzenu nilikuwa na kazi moja tu: kukaa kwenye kimbweta nyuma ya maktaba, hedifoni masikioni, nasikiliza feni.

Sitanii, feni kweli. Nina faili la sauti la saa mbili na dakika kumi na moja, na kitu kinachosikika vizuri kuliko vyote humo ndani ni feni ya babu mmoja wa Kiwalani. Kinachofuata kwa ubora ni ndege. Wanaoijua Kiwalani wanajua, uwanja wa ndege uko jirani, ndege zinapita juu ya mabati mpaka unatamani kuinama. Cha tatu ni vikombe vya chai. Sauti ya babu mwenyewe, ambayo ndiyo niliyoifuata kwa daladala mbili na bodaboda, iko huko nyuma kabisa, kama mtu anaongea nyumba ya pili.

Naandika leo kwa sababu wenzangu kadhaa wanajiandaa kwenda kukusanya data, na kila nikipita vimbwetani nasikia swali lile lile: eti ninunue maiki gani ya kuchomeka kwenye simu? Na majibu mnayopeana, jamani! Mtu anatajiwa maiki ya laki moja na ushee kwa sababu tu ameiona TikTok. Mimi nina maoni yangu, na nimeyalipia ada, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza kisa. Kwa wasiojua, utafiti wangu wa mwaka wa tatu ni kuhusu Watanzania waliofanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Vitabu vingi nilivyosoma vinawaongelea Nyerere, Kaunda, Mao, mkopo usio na riba, siasa za Vita Baridi na kadhalika. Mimi nilitaka wale walioshika sururu. Waliokuwa na miaka kumi na nane, kumi na tisa wakati ule leo wanagonga sabini na kitu. Hawa watu hawapo wengi, na waliopo si wote wanaopenda kuongea na kijana aliyekuja na daftari.

Huyu babu nilimpata kwa kuelekezwa na jirani yake. Nilipiga simu mara tatu ndipo akakubali. Nilipofika nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama simu yangu akasema, "Mjukuu wangu, na wewe umekuja na Mchina wako?" Tukacheka. Nikajua hapa kazi ipo.

Maiki niliikopa kwa mshkaji wangu mmoja anayepiga video za harusi. Ni kale kadogo ka kubana kwenye shati, kana waya mrefu mwembamba. Simu yangu haina tundu la hedifoni (siku hizi nyingi hazina), kwa hiyo nikakopa na adapta. Nikamuuliza jamaa, hii inaingiliana na simu kweli? Akaniambia we chomeka tu, inapiga kazi. Nami nikachomeka tu.

Basi nikambana babu wa watu maiki kifuani. Nikamwomba asiishike wala asiguse kola. Akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, saa mbili nzima, na mgongo wake ule. Na kwa kuwa waya ni mrefu, nikajifanya mtaalamu: simu nikaiweka mbali ili isimsumbue macho. Mbali wapi? Kwenye kigoda karibu na mlango, pembeni ya feni. Nikatazama kioo, vile vistari vya kijani vinacheza juu chini, nikaridhika kabisa. Kumbe vilikuwa vinachezea feni.

Babu aliongea. Alianza polepole, mambo ya usajili, mshahara, chakula, Kichina cha kuombea maji. Halafu kwenye saa ya pili akafika kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule milimani kwenye mahandaki na madaraja, sehemu iliyowatoa watu jasho kuliko nyingine yote. Akaanza kumzungumzia mwenzake waliyetoka naye kijiji kimoja, walilala hema moja. Huyo mwenzake hakurudi. Babu akaeleza siku yenyewe ilivyokuwa tangu asubuhi, nani alikuwa wapi, nani alichimba kaburi, na yeye alipotumwa kurudi kijijini alimwambia nini mama wa marehemu pale mlangoni. Akavua miwani. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaendelea.

Mimi sikuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa nimemkazia macho tu, kwa adabu, maana nilijua maiki iko kazini.

Jioni chumbani nikafungua faili. Mnajua ile baridi inayoanzia mgongoni? Nikasikiliza hedifoni ya kwanza, nikaazima ya pili, nikaenda kwa jamaa mwenye spika kubwa. Feni. Kwenye kile kimya cha babu ndiyo feni inapanda kabisa, kwa sababu simu nyingi zikisikia kimya zinajiongezea usikivu zenyewe, na kilichokuwepo cha kusikia ni feni tu. Jina la yule marehemu babu alilitaja mara nne au tano. Nimerudia hizo sehemu mpaka mwenzangu wa chumba akaomba nihamie nje. Nasikia irabu tu.

Kilichotokea ni kitu kidogo cha kuudhi. Chukueni pini ya hedifoni yoyote, ile ya milimita 3.5, mtazame vile vipete vyeusi. Pini ya maiki iliyotengenezewa kamera kwa kawaida ina vipete viwili, yaani imegawanyika sehemu tatu. Pini ya kuingia kwenye simu inatakiwa iwe na vipete vitatu, sehemu nne, kwa sababu simu inategemea sehemu moja ya sauti ya kushoto, moja ya kulia, moja ya ardhi na moja ya maiki. Mafundi wanaziita TRS na TRRS. Ukiichomeka ile ya vipete viwili, simu inadhani umechomeka hedifoni ya kusikilizia tu, na kwa kuwa haijaona maiki ya nje inaendelea kutumia maiki yake ya ndani, bila kukwambia lolote. Kwa hiyo kale kadude kifuani kwa babu kalikuwa pambo. Kilichorekodi ni simu, na simu nilikuwa nimeipeleka mwenyewe kukaa na feni. Nisingekuwa na maiki yoyote, nikaiweka simu mezani mbele yake, ningekuwa na mahojiano mazuri tu!

Kuna kajaribio ka sekunde tano ambako kangeniokoa. Ukishachomeka, anza kurekodi, kwaruza maiki taratibu kwa ukucha, halafu kwaruza na sehemu ya chini ya simu. Sikiliza. Kama mkwaruzo mkubwa ni ule wa simu, maiki yako imelala. Fanya hivyo ukiwa pale pale kwa mwenyeji, hata kama ulishajaribu chumbani, maana adapta nazo zina vituko vyake.

Nilirudi Kiwalani baada ya siku tano, na sukari kilo mbili na mkate, na maiki nyingine inayofanya kazi. Feni nikaomba izimwe. Nikaeleza ukweli wote, nikaomba radhi. Babu hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Akasema, "Mjukuu wangu, yale si nilishakupa?" Nikamwomba tena. Akanipa. Dakika nne. Jina la mwenzake, mwaka, mahali, amezikwa wapi. Nikajaribu kuchokoza, "Babu, siku ile ulisema mama yake alipokuona mlangoni..." Akajibu, "Ee, ndivyo ilivyokuwa." Akaniuliza kama nimeshakula.

Kwa hiyo sasa nina mafaili mawili. Moja lina kila kitu na halisikiki. Lingine linasikika safi kama redio na ndani yake mna dakika nne. Jina sitaliandika hapa, ndugu zake wapo na sijawaomba. Ila niwaambie kitu: pale Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofariki kwenye kazi za wakati ule, yametunzwa, na majina yameandikwa kwenye mawe. Nimefika, nimeyaona. Jina la huyu kijana wa kwetu mimi sijaliona kwenye jiwe lolote wala kitabu chochote. Lilikuwa mdomoni mwa babu, na mimi nikaenda kulichukua na pini ya vipete viwili.

Haya, sasa maoni.

Mnapouliza maiki ipi kali, mnaanzia pabaya. Kinachonunuliwa hapa ni ukaribu na mdomo, basi. Hesabu yake ndogo tu. Mdomo ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, tuseme maiki imebanwa kifuani, sauti inafika na nguvu zake. Ikiwa sentimita 40, nguvu inayofika ni robo; wenyewe wanasema imeshuka desibeli 6. Sentimita 80, robo ya hiyo robo. Ukifika sentimita 160, yaani simu iko kigodani upande wa pili wa chumba, umepoteza desibeli 18, na kilichokufikia ni sehemu moja kati ya 64. (Ndani ya nyumba hesabu hainyooki hivyo kwa sababu kuta zinarudisha sauti, ila hicho kinachorudishwa na kuta ndicho kile kimwangwi cha bafuni kinachokutesa wakati wa kunukuu.) Feni yenyewe haijasogea popote. Ndiyo maana maiki ya bei nafuu iliyobanwa sentimita 20 kutoka mdomoni inaipiga bao maiki ya gharama iliyowekwa mezani kama ua. Hakuna programu itakayokurudishia hizo desibeli baadaye. Nimejaribu karibu zote zilizokubali kufunguka kwenye kompyuta yangu, ukiondoa feni unaondoa na babu.

Nikichukua hilo kama kipimo, mimi nasema hivi: kwa mahojiano ya kukaa kitako nyumbani kwa mtu, mwanafunzi mwenye boom la kawaida anunue maiki ya kubana yenye waya. Najua haina sura. Waya unajikunjakunja, unaingia chini ya mkeka, mtoto anaukanyaga. Lakini haichajiwi, haipotezi mawimbi, na ikikatika unajua imekatika. Inayojulikana zaidi kwa wapiga video wetu wa mtaani ni Boya BY-M1. Waya wake ni mita 6, pini ni ile ya vipete vitatu, na ina kiswichi cha kuchagua simu au kamera. Ule upande wa kamera ndio unaohitaji betri, LR44, zile za duara ndogo. Ukichomeka kwenye simu betri haina kazi. Kiswichi kikae upande wa simu, wengi hapo ndipo wanapochemsha. Kama simu yako haina tundu, ziko zenye pini ya USB-C moja kwa moja, na hizo mimi naziona bora zaidi kuliko kuungaunga adapta, ni kitu kimoja pungufu cha kukusaliti.

Kariakoo nilizunguka nusu siku. Ile ile, boksi lile lile, maduka matatu bei tatu, na duka la nne muuzaji akaniambia wazi kabisa, "Hii ni kopi kaka, orijino iko ndani." Nilimpenda kwa ukweli wake. Ombeni kuijaribu na simu yenu pale pale dukani, kwa ukucha. Akikataa, aga kwa heshima.

Mshkaji wangu wa uandishi wa habari hakubaliani na mimi, tumebishana mpaka chai ikapoa. Yeye ni mtu wa maiki zisizo na waya, zile unachomeka kipokezi chini ya simu na kubana kidude kingine kwenye shati. Anasema mimi ni mzee kabla ya wakati. Na nimtendee haki: kama unamfuata mtu anayetembea, fundi gereji, mama lishe anayehangaika na masufuria, mkulima anakuonyesha shamba, waya wangu wa mita 6 ni balaa. Hapo yeye kashinda. Tangu Rode walipotoa Wireless GO mwaka 2019 vidude hivi vimesambaa, na vya bei ya chini vikafuata kwa wingi, sasa mpaka wauza mitumba wa mtandaoni wanavyo.

Shida yangu ni hivyo vya bei ya chini tunavyomudu sisi. Vingi vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, njia ile ile wanayopita Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo ukiwa mahali penye msongamano sauti inaweza kukatika katikati ya neno. Vingine vina kitufe cha kuondoa kelele, na ukikibonyeza kinaondoa kelele pamoja na nusu ya herufi, mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa la maji. Halafu ile ya gharama, tuseme Wireless GO II ya mwaka 2021, ina kumbukumbu ndani yake, mawimbi yakikatika bado kile kidude cha kifuani kina nakala. Cha elfu thelathini hakina hiyo. Mtu anaona vinafanana kwa sura anadhani kanunua kitu kile kile kwa bei poa. Na chaji je? Mzee akikolea saa mbili na nusu, utamwambia asubiri uchaji?

Na wale mnaotaka kurekodi kwa hizi hedifoni za Bluetooth za masikioni, tafadhali. Nyingi zikitumika kama maiki zinahamia kwenye mfumo wa kupigia simu, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde, wakati simu yako peke yake inaweza 44,100 au 48,000. Utapata mahojiano yanayosikika kama umempigia mtu yuko Tunduma.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa dukani, nalo ni yule anayebanwa hiyo maiki. Babu shati halina shida. Siku niliyokwenda kumhoji mke wa mfanyakazi mwingine, bibi wa makamo, kajifunga kanga na mtandio, ndipo nilipogundua nimesimama na kibanio mkononi kama mjinga. Nitambana mimi? Kijana wa kiume, siku ya kwanza, sebuleni kwake? Nikamwita mjukuu wake wa kike, nikamwonyesha, akambana bibi yake wakicheka. Mtandio nao ukawa unasugua maiki kila bibi akigeuza shingo, mchakacho mtupu. Tukaihamishia chini kidogo, upande wa nje, mbali na pindo, ikatulia. Mahali pengine nimeacha kabisa kubana, nikakunja kanga mara nne, nikaiweka juu ya meza ndogo, maiki juu yake, nikaisogeza meza mpaka karibu na magoti ya mtu. Si safi kama kifuani lakini mtu yuko huru, na ile kanga inazuia mgongo wa vikombe usiingie.

Maiki kubwa ya mkononi, zile za kwaya, mimi siipendi kwa wazee. Ukimsogezea mtu kitu hicho mdomoni anaanza kuhutubia. Nilishuhudia mzee mmoja aliyekuwa akitupigia stori tamu kabisa, ilipotokea maiki ya mkononi akakohoa, akaanza na "Kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu..." na stori ikaishia hapo. Stendi ya mabasi, kwenye makelele, ndiyo, hapo inafaa, unaisogeza karibu na mdomo unaizuia kelele ya pembeni. Lakini kuiunganisha na simu kunahitaji kidude kingine cha katikati, na bei inapanda.

Kimoja ambacho nitakisema hata mkinichoka: hedifoni za waya zibaki masikioni wakati wa kurekodi, kama simu na programu yako vinaruhusu kusikiliza papo hapo. Kama haviruhusu, rekodi dakika moja, simamisha, sikiliza, ndipo uanze. Mimi niliona ni utovu wa adabu kumsikiliza babu na madude masikioni. Nilivyomweleza ile siku ya pili akasema mbona hata marubani wanavaa. Simu iwe kwenye hali ya ndege, maana ikipigwa katikati unaweza kukuta faili limekatika. Ukimaliza nakili faili kwenye flashi siku hiyo hiyo, na kama lazima ulitume kwa WhatsApp, litume kama hati, usilitume kama ujumbe wa sauti, ule unabanwa sana. Saa moja ya WAV ya njia moja kwa sampuli 48,000 ni kama MB 345, kwa hiyo angalieni nafasi kwenye simu kabla ya kuondoka, futeni hizo video za harusi za watu msiowajua. Na idhini ombeni kabla ya kubonyeza, mkairekodi idhini yenyewe. Adabu inataka hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ipo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba tumefundishwa kuchagua sampuli, kutunga hojaji, kunukuu marejeo mpaka nukta yake, muhula mzima. Jinsi ya kurekodi sauti ya binadamu sikumbuki kupewa hata dakika tano. Halafu tunatumwa kwa watu wa miaka sabini na themanini, kila mmoja na simu yake na bahati yake. Sidhani kama ingekuwa gharama kubwa idara yoyote kuwa na droo moja yenye maiki kumi za waya, unaandika jina unaazima kama kitabu, ukirudisha inakaguliwa. Kumi za aina hii hazifikii bei ya kompyuta moja mpakato nzuri. Darasa letu tumeanza kwa uchache: watu sita tumechangishana, tumenunua mbili, zinazunguka kwa zamu, na mwenye kuikata waya anajua lake. Kwenye boksi nimebandika karatasi imeandikwa UKUCHA.

Lile faili la feni sijalifuta. Kuna jamaa wa uhandisi ameniomba alijaribu na programu zake, nimempa nakala, ila ameshaniambia nisiweke matumaini. Ninachofanya kwa sasa ni kukaa na faili hilo na daftari, naandika kila kitu ninachokumbuka babu alisema, na pale nisipokuwa na uhakika naandika kwamba sina uhakika. Msimamizi wangu amekubali liingie kama maelezo yangu, ila siruhusiwi kuweka maneno kwenye alama za kunukuu. Sawa tu, ni haki yake kukataa.

Jumamosi nakwenda kwa mzee mwingine, huko huko Gongo la Mboto. Nilimuuliza kwa simu kama ana feni sebuleni. Akacheka, akasema feni anayo, ila yeye haongei na wageni ndani, tutakaa chini ya mwembe. Nikamuuliza na kuku je? Akasema wapo wengi. Nimeshanunua ile sponji ya kuvisha maiki kwa ajili ya upepo. Kwa kuku sijui itakuwaje, mwenye uzoefu anistue mapema.

Haya, nawahi msosi, foleni imeshafika nje.